Holsta ya bastola kwa mkazi wa Arusha na Moshi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akishapata leseni ya bastola, swali lake la kwanza kwangu huwa ni triga, kile kifyatulio kinachovutwa kwa kidole. Anataka ile seti ya springi na vyuma vidogo vya kuifanya iwe laini, kwa sababu ameona video za Wamarekani wakifyatua kama wanacharaza kinanda. Jibu langu halijabadilika: hela hiyo nunua holsta kwanza, yaani ala ya kuvalia bastola mwilini.

Triga ya bastola aina ya Glock ikitoka kiwandani huhitaji nguvu ya takriban kilo 2.5 ndipo ifyatue. Seti nyepesi huishusha hadi kilo 1.6 hivi. Mtu wa mashindano ya kulenga shabaha ana haki ya kuitaka. Lakini wewe unayefunga duka karibu na Soko la Kilombero saa mbili usiku, ukaingia kwenye gari na mauzo ya siku nzima, hiyo karibu kilo moja uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa inaulinda mguu wako. Glock haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti zake tatu zinajifungua zenyewe triga ikivutwa, na bastola haina habari kama kilichovuta ni kidole au kitambaa. Kinachoizuia triga isiguswe muda wote ambao huitumii ni holsta peke yake.

Mimi nililijua hili Julai moja, mtaani Sakina, Arusha, baridi ile ya kuvaa makoti mawili. Nilikuwa nafanya mazoezi chumbani kwa bastola tupu: risasi zimefungiwa chumba kingine, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, nimeikagua kwa macho na kwa kidole. Nilivaa koti lenye kamba ya kukaza kiunoni, na holsta yangu ilikuwa ya nailoni, ile laini inayouzwa kwamba inaingia bastola yoyote. Nikachomoa, nikarudisha, nikasukuma kwa nguvu kidogo kwa kuwa mdomo wa holsta ulikuwa umejikunja. Nikasikia "ta!" Kile kifundo cha plastiki kwenye ncha ya kamba ya koti kilikuwa kimeingia mbele ya triga. Ingekuwa na risasi, ingepita pajani. Nilikaa kitandani muda mrefu, na ile holsta sikuivaa tena.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa unatokana na jambo moja: holsta inaifunika triga kiasi gani, na inaendelea kuifunika kwa muda gani. Starehe na urembo vinafuata nyuma.

Ya kwanza: plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa bastola yako

Wengi huiita Kydex, kwa jina la karatasi ya plastiki inayotumika. Hupashwa moto mpaka ilainike, ikagandamizwa juu ya umbo la bastola, ikipoa inabaki na umbo lile. Ukiirudisha bastola unasikia mlio mfupi, plastiki imekamata kikingio cha triga, yaani ile pete inayoizunguka. Mdomo wake haujikunji hata ukiwa na bastola mkononi, kwa hiyo unarudisha kwa mkono mmoja. Wala hainyonyi jasho. Kwa Moshi ya Januari na Februari, ambapo shati linalowa kabla hujafika Mbuyuni, hiyo si sifa ndogo.

Ina masharti. Iwe ya modeli yako hasa, si ya "zinazofanana". Ya Glock 19 na ya CZ 75 ni vitu viwili tofauti, na ukifunga tochi chini ya mtutu, holsta ya zamani haikufai tena. Skrubu zake hulegea kwa mtikisiko, hivyo zitie tone la gundi ya skrubu na uzikague kila mwisho wa mwezi. Wale wa Mirerani wajue kwamba vumbi likiingia kati ya plastiki na chuma hukwaruza rangi ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, kama msasa. Ioshe kwa maji, ikauke, basi. Usiisahau juu ya dashibodi gari likiwa juani, maana kilichofinyangwa kwa moto hulegezwa na moto.

Muulize mwenye duka lenye leseni ulikonunulia bastola kabla hujaagiza kwingine. Beba leseni yako, taja modeli kamili na toleo.

Ya pili: ngozi, na hapa Moshi ina lake

Holsta ya ngozi nzuri naipenda kuliko ya plastiki, nakiri. Nimeiweka ya pili kwa sababu ngozi huzeeka, na ikizeeka vibaya inageuka adui.

Moshi si mahali pa kuagiza ngozi kutoka mbali. Karanga kunatengenezwa viatu, na mafundi wa ngozi mjini wanajua kushona kuliko wengi wanaouza mtandaoni. Shida yao ni moja: ngozi nyingi iliyopo ni ya viatu na mikoba, laini, iliyotengenezwa kwa kemikali za kromu. Ikate pembeni uitazame kwa ndani, utaona rangi ya kijivu yenye ubuluu. Hiyo haishiki umbo, na chumvi zake zinaweza kukupa kutu kwenye bastola iliyokaa ndani wiki nzima. Unayoitaka imetengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe. Kwa ndani ina rangi ya kahawia, ni ngumu, na ukiikunja inarudi. Unene uwe milimita tatu au zaidi kidogo.

Sasa, umbo. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa viatu karibu na soko la Memorial, nikamweleza ninachotaka. Akaniangalia kiunoni akasema, "Mangi, hicho chuma mimi sikigusi." Alikuwa sahihi kabisa. Yeye hana leseni, na kumwachia mtu asiye na leseni silaha, hata kwa saa moja, hata tupu, ni kosa litakalokupeleka mahakamani. Tuliyafanya hivi: nilipima bastola nyumbani, seremala akachonga mfano wake kwa mti, urefu, upana na unene vilevile, kikingio cha triga pamoja na slaidi. Mfano huo ndio ulioingia kwa fundi.

Ngozi ililowekwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka mapovu yakaacha kutoka. Ikafungwa juu ya ule mti, fundi akachukua mpini wa kijiko akaanza kuisugua kwa shingo ya mpini, taratibu, kuzunguka kikingio, mpaka mstari wa triga ukaonekana kwa nje kama mshipa chini ya ngozi ya mkono. Hapo ndipo kazi ilipo. Ikiwa mstari ule hauonekani, bastola itakaa ndani ya holsta kama kiazi ndani ya kiroba. Baada ya hapo ilikaa kivulini siku mbili. Usikubali ianikwe kwenye bati. Jua la mchana huikaza na kuipasua.

Mwambie fundi aongeze kipande cha pili cha ngozi kuzunguka mdomo ili ubaki wazi. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo inayotofautisha holsta na mfuko. Bei utakayokubaliana naye ikikaribia ya jozi ya viatu vizuri vya ngozi, hujaibiwa.

Na siku ukiona sehemu ya mdomo imelegea, inakunjika kwa ndani, itupe. Ngozi iliyokunjika hivyo huingia kwenye kikingio kama kidole, na ukikaa kwenye gari uzito wako ndio unaovuta. Huo msiba umeshatokea kwa watu, tena wazoefu.

Ya tatu: plastiki ya kiwandani yenye kitufe

Hizi zina kufuli ndogo inayoishikilia bastola mpaka ubonyeze. Ni nzuri kwa mlinzi anayevaa bastola nje, wazi, katikati ya watu. Ila chagua yenye kitufe cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Zile za kubonyeza kwa kidole cha shahada zinamfundisha mtu kukaza kidole kilekile kitakachogusa triga sekunde inayofuata, na zipo shule za mafunzo Marekani zilizozikataa kwa sababu hiyo.

Ya nne: ya kwapani

Inapendeza chini ya koti, na kwa anayeendesha Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi, mkanda wa gari haumsumbui. Lakini nyingi huilaza bastola mtutu ukitazama nyuma. Ukiwa kwenye Noah, nyuma yako kuna nani? Mke, watoto, abiria. Mimi siwezi kuipendekeza kwa mtu mwenye familia.

Ya mwisho: nailoni ya "saizi zote"

Nimeshasema yaliyonipata. Bei yake ni nafuu, na ndiyo inayojaa sokoni. Iache. Na bastola iliyochomekwa kiunoni bila kitu, au iliyotupwa kwenye mkoba pamoja na funguo na kalamu, hiyo siihesabu kabisa.

Mkanda

Watu hununua holsta nzuri wakaivalia mkanda wa suti. Glock 17 ikiwa na risasi zake 17 inakaribia kilo moja. Mkanda mwembamba utapinda, holsta italala kwa nje, shati litainuka na kila mtu kwenye foleni ya benki ataona. Tafuta upana wa milimita 38, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Fundi wako aliyeshona holsta anaweza kuushona siku hiyohiyo, na akipima nafasi ya mkanda kwenye holsta kwa mkanda wenyewe, havitacheza.

Kabla hujaivaa nje ya nyumba

Toa magazini, kile kibebeo cha risasi, fungua chemba, ikague, peleka risasi chumba kingine, rudi uikague tena. Kisha weka bastola ndani ya holsta na ubonyeze kwa nje, palipo na triga, kwa kidole gumba, kwa nguvu zako zote. Ukisikia imefyatua, irudishe ulikoinunua. Igeuze kichwa chini juu ya godoro uitikise, isianguke. Chomoa, angalia mdomo: umebaki wazi? Rudisha polepole ukitazama kwa macho, shati na kamba za koti ukiwa umezishika pembeni kwa mkono wa pili. Kaa chini, chuchumaa, funga mkanda wa gari, panda bodaboda iliyosimama ushuke. Rudia hayo kwa wiki nzima bastola ikiwa tupu, kila jioni, kwa nguo unazovaa kweli, likiwemo koti la Julai.

Ukimaliza wiki hiyo na bado unaitaka ile seti ya triga, mtafute fundi wa silaha mwenye leseni aifunge yeye, kisha hivyo vipimo vya holsta uvianze upya vyote.