Ziara ya mashamba ya zabibu Dodoma: uzoefu wangu wa siku moja

Mwishoni mwa Agosti nililipa shilingi 90,000 kwa ziara ya siku moja ya mashamba ya zabibu na kiwanda cha mvinyo mkoani Dodoma, na kwa kuwa kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya mtu aliyewahi kuifanya nisiyapate, naandika haya kwa manufaa ya atakayefuata. Niliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa treni ya SGR, na ilipofika saa nne na nusu asubuhi nilikuwa tayari ndani ya gari la ziara pamoja na wenzangu watano.

Tulianzia Bihawana, kando ya barabara ya Iringa, mahali ambapo historia yote ya zabibu za Dodoma hurejeshwa. Misa haisomwi bila divai, na mapadri wa Kiitaliano waliokuwa wakiishi hapo walipanda mizabibu yao wenyewe. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1957. Mwongozaji wetu alilimaliza jambo hili kwa sentensi mbili akatuhimiza tupige picha, ilhali mtu aliyesafiri kutoka mbali ana haki ya kuelezwa kwa nini mmea wa Ulaya ulikubali katika nchi ya Wagogo, inayojulikana kwa ukame na upepo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu kiasi kwamba magonjwa ya ukungu, ambayo ni adui mkubwa wa mzabibu, hayapati nafasi kubwa. Tena hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, hivyo mkulima ndiye anayeuamuru kwa mkasi: akishapogoa, unachipua, na baada ya miezi takriban minne zabibu zimeiva. Ndiyo maana wenye maji ya kumwagilia huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Sehemu iliyonirudishia fedha yangu ilikuwa shamba la mzee mmoja, upande wa Hombolo, ambako tulikuta mavuno yakiendelea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Kula kwanza, ndipo uulize.”

Alinikatia kishada cha Makutupora nyekundu, aina iliyochukua jina la kituo cha utafiti wa zabibu kilichoko kaskazini mwa jiji. Utamu ulitangulia, kisha ganda likaacha ukakasi kidogo kwenye fizi. Akaminya tone moja juu ya kioo cha kijibomba kifupi cha kupimia sukari, akanielekeza nikielekeze juani na kuchungulia. Ndani niliona duara lililogawanyika, bluu juu na nyeupe chini, na mpaka wa rangi hizo umesimama kwenye 19. Alisema mnunuzi hutazama hapo kabla hajatazama kitu kingine, na sukari ikiwa pungufu mkulima hurudi na kreti zake nyumbani.

Ni yeye pia aliyetusimulia habari za DOWICO, kampuni ya serikali iliyokuwa ikinunua zabibu za wakulima, na jinsi ilipoanguka wengine wakang'oa mizabibu kwa kukosa pa kuuza, hadi viwanda binafsi vilipoanza kujitokeza miaka ya 2000. Hata sasa, alisema, zabibu iliyokatwa haisubiri, na asiyepata mnunuzi mapema hukimbilia kuikamua ili auze mchuzi, yaani maji ya zabibu, kwa sababu mchuzi ukihifadhiwa vizuri kwenye tangi unampa muda wa kujadili bei. Tulikaa hapo dakika arobaini. Ningekaa saa tatu.

Kiwandani mambo yalikuwa duni, na jina la kiwanda silitaji. Matangi ya chuma yalikuwa safi na mtaalamu alieleza vizuri jinsi mvinyo mwekundu unavyochachuka pamoja na maganda yake ili upate rangi, lakini uonjaji wenyewe ulikuwa wa haraka: mvinyo wa aina tano kwa robo saa, katika vikombe vya plastiki, bila maji wala kipande cha mkate. Mweupe wa Chenin Blanc ulitolewa ukiwa vuguvugu, jambo ambalo ni dhuluma kwa zabibu hiyo. Mwekundu mkavu wa Makutupora ulinishangaza kwa uzuri, nikanunua chupa mbili. Wanaopenda utamu na ukali wa dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, huenda wakauona mchungu.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya kipeperushi cha waandaaji, kilichoahidi kwamba siku hiyohiyo tungeona michoro ya miambani ya Kondoa. Michoro hiyo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko maeneo ya Kolo, mwendo wa saa kadhaa kwenye barabara ya Arusha, na ukifika bado una vilima vya kupanda. Saa tisa tulipouliza, tuliambiwa muda hautoshi, kana kwamba asubuhi ulikuwa unatosha. Itengee siku yake.

Naipa ziara hii nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za yule mzee. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna shamba linalovunwa wiki hiyo, kwa maana nje ya msimu utaonyeshwa waya na nguzo. Beba pia kikombe chako cha kioo.