Dior wa 1947 au Chanel wa 1954?

Tarehe 12 Februari 1947, Paris ikiwa bado na uhaba wa vitambaa baada ya vita, mbunifu wa mavazi Christian Dior alionyesha mitindo yake ya kwanza: koti lililoitwa Bar, lililobana kiuno, nyonga zilizotunishwa, na sketi pana iliyomeza mita nyingi za kitambaa. Ni zuri mno. Ukilitazama unaelewa kwa nini wanawake waliochoshwa na sare na mgao walilipenda. Lakini uzuri huo umejengwa kwa kubana na kutunisha, na mvaaji ndiye anayeubeba siku nzima.

Mbunifu mwenzake, Coco Chanel, alirudi kwenye ubunifu wa mavazi Februari 1954, akiwa na miaka 70. Magazeti ya Ufaransa yalimponda, Wamarekani wakamnunua. Suti yake ya twidi, kitambaa cha sufu, haibani popote. Mifuko ni ya kweli, mkono unaingia. Na ninachokipenda kuliko vyote: mnyororo mwembamba ulioshonwa ndani ya pindo, koti likae sawa bila kulivutavuta. Hapo alifikiriwa anayevaa, si anayetazama tu.

Kwa picha, nampa Dior. Kwa kuvaa tangu asubuhi hadi jioni, nachagua Chanel bila kusita.