Rekodi za Kumar Gandharva: Mwimbaji Aliyenyamazishwa na Kifua Kikuu

Nimeusikiliza mkusanyiko huu wa rekodi za Kumar Gandharva kwa wiki tatu, na naona unastahili kununuliwa na yeyote anayependa uimbaji wa Kihindustani, yaani muziki wa jadi wa kaskazini mwa India, ingawa walioutayarisha wameacha kasoro moja inayoniuma.

Kumar Gandharva alizaliwa mwaka 1924 karibu na Belgaum, kusini mwa India, akiitwa Shivaputra Komkalimath. Jina tunalomjua nalo alitunukiwa utotoni kwa sababu ya kipaji chake. Alisomea Bombay kwa mwalimu B. R. Deodhar, akavuma mapema, kisha kifua kikuu kikamlaza. Kwa takriban miaka mitano, akiwa Dewas katika eneo la Malwa, katikati mwa India, alikatazwa na madaktari kuimba, na muda huo wote akawa msikilizaji wa nyimbo za watu wa kawaida waliomzunguka. Dawa mpya ya streptomaisini ilimwokoa, naye akarejea jukwaani mwaka 1953 akiwa na pafu lililoharibika.

Uhai wa rekodi hizi unatoka hapo. Pale ambapo waimbaji wengine huivuta sauti kwa pumzi moja ndefu, yeye huipandisha ghafla, huikata, hunyamaza, akaiacha tanpura, ala ya nyuzi inayosindikiza mwimbaji kwa mvumo usiokatika, ivume peke yake, kisha hurudi na kipande kingine ambacho hukukitarajia. Walikuwapo waliomlaumu kwa kutofuata gharana yoyote, yaani mkondo wa uimbaji unaorithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, lakini mimi sioni upungufu wowote katika uhuru huo. Nyimbo zake za mashairi ya Kabir, mshairi wa kale wa India, yanayomsifu Mungu asiye na umbo, nimezirudia kuliko raga zote, yaani nyimbo zilizojengwa juu ya mipangilio ya sauti ya muziki huo. Hazina mapambo mengi, na kila neno linasikika.

Kasoro ni kwamba kijitabu hakitaji mwaka wala mahali pa rekodi hata moja. Kwa mwimbaji ambaye maisha yake yamegawanywa na ugonjwa, msikilizaji ana haki ya kujua anachokisikia ni cha kabla au cha baada. Tena rekodi ya mwisho imekatwa mara tu anapomaliza kuimba, tanpura ikiwa bado inavuma. Ningependa sekunde zile zirudishwe katika toleo lijalo.