Bastola ya mtindo wa zamani ya kubeba kiunoni: ipi kwanza, ipi mwisho

Mfanyabiashara wa asali au tumbaku wa Tabora aanze na risasi kabla ya bastola: aina ipi ataipata dukani kwa uhakika? Leseni nayo inatangulia. Maombi huanzia serikali ya mtaa, kisha polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Anayekuuzia kwa "bei ya mshikaji" bila karatasi anakuuzia kesi.

Ya kwanza kwetu ni CZ P-01, mdogo wa CZ 75 iliyotoka Czechoslovakia mwaka 1975. Hutumia risasi ya 9x19 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita), iliyoenea kuliko zote za bastola, na magazini yake hubeba 14. Fremu, yaani mwili wa bastola, ni ya alumini, hivyo uzito haufiki kilo moja. Ina kitufe cha kushusha nyundo salama. CZ 75 ya kawaida haina, na kuishusha kwa dole gumba huku chemba ina risasi ndiko ajali zinakozaliwa. Kasoro ya P-01: slaidi, kipande cha juu kinachorudi nyuma, imezama ndani ya fremu, hivyo sehemu ya kushika ni finyu, na kiganja chenye jasho la Oktoba huteleza. Jaribu kuivuta ukiwa na mikono yenye maji.

Browning Hi-Power ya 1935 inafuata: 9x19, risasi 13, bapa na rahisi kuficha. Ila hubebwa nyundo ikiwa imevutwa na kizuizi cha usalama kimefungwa, na kizuizi cha matoleo ya zamani ni kidogo, dole hukikosa. Zaidi, haifyatuki magazini ikitolewa. Kipande kinachofanya hivyo ndicho kinachoufanya mvuto wa kifyatulio uwe mzito.

Makarov inachukua nafasi ya tatu kwa ugumu wake: gramu 730, risasi 8, vipande vichache. Tatizo ni 9x18. Hiyo si 9x19 iliyofupishwa. Hata kipenyo cha risasi ni kikubwa zaidi. Usichanganye.

Walther PPK hujificha hata chini ya shati jepesi, lakini slaidi hukwaruza mkono mnene, na mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mzito mno. Bastola iitwayo 1911 tunaiweka mwisho: risasi 7 za .45 (kipenyo kwa inchi), kilo 1.1 ya chuma, mtutu wa sentimita 12.7. Ukikaa kwenye bajaji utaikumbuka kila shimo.

Kwa iliyotumika, toa magazini, vuta slaidi, hakiki chemba kwa macho na kidole. Linganisha namba na karatasi. Fungua, mulika mtutu kwa tochi: mashimo ya kutu hayasafishiki. Kwenye CZ, tazama nyufa kwenye pini ya kufungia slaidi, huvunjika. Midomo ya magazini iliyopinda ndiyo husababisha risasi kukwama, watu wakalaumu bastola.

Ala ya ngozi hunyonya jasho na kulirudishia chuma. Ukifika nyumbani itoe, ipanguse, paka mafuta mepesi tone mbili tu, maana mafuta mengi na vumbi la kiangazi hugeuka uji kwenye reli. Kisha kwenye kasiki, ikiwa tupu, ala ikining'inia nje ikauke.