Perf ya Linux: zana ya kuichunguza prosesa kutoka ndani

Watengenezaji wengi wa programu hapa Kampala hupima kazi zao kwa saa: programu ilichukua sekunde nane, baada ya marekebisho ikachukua sita, nao wakaridhika. Udhaifu wa kipimo hicho hudhihirika umeme unapokatika. Kompyuta mpakato ikihamia kwenye betri, mara nyingi prosesa hupunguza mwendo ili kuokoa nishati, na programu ambayo hakuna aliyeigusa huonekana kana kwamba imeharibika. Perf huhesabu mizunguko ya prosesa (midundo ya saa yake ya ndani) na maagizo yaliyotekelezwa, na idadi ya maagizo haipandi kwa sababu tu mwendo umeshuka. Kwa maoni yangu, sifa hiyo peke yake inatosha kuifanya istahili kusakinishwa, tena haiuzwi.

Zana hii iliingia katika keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, mwaka 2009, katika toleo la 2.6.31, kwa juhudi za Ingo Molnár na Thomas Gleixner. Kazi ya kuhesabu hufanywa na prosesa yenyewe, ambayo ndani yake mna kaunta zinazoongezeka kila tukio lililochaguliwa linapotokea: agizo kukamilika, data kukosekana katika kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa), au prosesa kubashiri vibaya njia ambayo programu itafuata. Ndiyo maana amri ya perf stat, inayotoa jumla ya hesabu hizo, haiichelewishi programu kwa kiasi cha kuhisika.

Niliijaribu kwa programu inayojumlisha uzito wa kahawa ya wakulima wa Bugisu, uliopangwa safu kwa safu katika jedwali kubwa kuliko kashe. Kujumlisha kwa kufuata safu na kujumlisha kwa kushuka wima huleta jibu moja kwa maagizo yanayokaribiana kwa idadi, lakini njia ya pili hutumia mizunguko mingi zaidi. Sababu yake perf huionyesha waziwazi: kumbukumbu huletwa kwa vipande vya baiti 64, na anayeshuka wima hutumia namba moja ya baiti nane katika kila kipande, kisha huruka kwenda kingine. Saa ingesema tu kwamba programu ni nzito. Ukitaka kujua ni mstari upi wenye lawama, perf record (inayorekodi programu ikiendeshwa) na perf report (inayoonyesha matokeo) hukufikisha hapo, ingawa alama ya mahali pa tatizo huweza kuangukia agizo linalofuata badala ya lile lenye kosa.

Namba zake, hata hivyo, zinahitaji msomaji makini. Katika prosesa nyingi za Intel zilizomo kwenye kompyuta za mitumba, kila uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya kiini cha prosesa) hupata kaunta nne za kuchagua tukio na tatu za matukio ya kudumu. Ukiomba matukio mengi kuliko kaunta hizo, keneli huyapa zamu na kukadiria yaliyobaki, na asilimia iliyo mwishoni mwa mstari huonyesha tukio lilihesabiwa kwa sehemu gani ya muda. Wengi huipuuza asilimia hiyo, na hapo ndipo ripoti nzuri hugeuka kuwa uzushi. Aidha, kwenye seva pepe za kukodi, matukio ya maunzi mara nyingi hujibiwa kwa maneno yanayosema kwamba hayapatikani, na hapo zana hupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

VTune, zana ya Intel ya kazi kama hii, ina sura ya kupendeza zaidi na michoro inayomsaidia anayeanza, lakini ni mzigo mkubwa wa kupakua kwa anayenunua data kwa kifurushi, na matukio yake ya maunzi ni kwa prosesa za Intel tu. Perf hufanya kazi pia kwenye prosesa za AMD na ARM, na haihitaji chochote zaidi ya dirisha la amri.

Kwa watumiaji wa Ubuntu, ni afadhali kusakinisha linux-tools-generic kuliko kifurushi cha toleo moja la keneli, kwa kuwa hicho cha pili hakisogei keneli inaposasishwa. Mfumo huo pia humzuia mtumiaji wa kawaida kusoma kaunta, hivyo kwenye mashine ya ofisi itabidi kumwomba msimamizi alegeze perf_event_paranoid, mpangilio wa keneli unaoamua nani aruhusiwe kusoma kaunta.