Net ya nyumbani: ipi ununue, na hilo neno "bila kikomo" ulichunguze kwanza

Kabla hujatoa hela uliza GB zikiisha nini kinatokea, spidi utauliza baadaye. Mimi nilinunua ruta ya nyumbani kwa kampuni fulani, tangazo limeandikwa bila kikomo kwa maandishi makubwa kabisa, wiki ya pili tu watoto wanaangalia katuni na mimi nina kazi zangu net ikaanza kuzunguka haifungui kitu, napiga simu dada ananiambia nimefikia kiwango cha matumizi ya haki, nimeshushwa hadi 1 Mbps mpaka mwezi mpya. Hela nimelipa ya mwezi mzima jamani. Bado inaniuma.

Piga hesabu kwanza. Video ya HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1, kwahiyo nyumba inayoangalia HD masaa matatu kila siku inaweza kufika GB 270 kwa mwezi. Mtu wa WhatsApp na habari hata robo hafiki.

1. Faiba

Hii ni net ya waya unaoletwa mpaka ndani. Kama imefika mtaani kwenu chukua hiyo, TTCL wanayo, na wengine wapo. Ila waambie wakuandikie kama kuna FUP (ndo hicho kiwango cha matumizi ya haki, ukikipita wanakushusha spidi), nguzo na waya analipa nani, na ikikatika fundi anakuja baada ya siku ngapi, maana mtaani wakichimba mtaro wa maji tu mnalala gizani. Na bakiza kabando kadogo kwenye simu kwa siku hizo, ingawa hakaokoi kila mara: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, wenye faiba na wasio nayo wote tukakwama.

2. Ruta ya 5G au 4G

Inamfaa mpangaji, ukihama unahama nayo. Shida yake mnara mnagawana na mtaa mzima, jioni ndo foleni. Azima laini ya huo mtandao weka kwenye simu upime ukiwa sebuleni kwako saa mbili usiku, usipime saa nne asubuhi watu wako kazini ukadhani umepata. Uliza pia ruta kama imefungwa kwa mtandao mmoja.

3. Bando la mwezi, unarusha hotispoti

Kwa mtu mmoja inatosha, kwa familia hapana.

4. Bando la siku na la wiki

Hili naliweka mwisho. Gawanya bei kwa MB halafu linganisha na la mwezi, mara nyingi anayenunua kila siku kwa sababu hana hela ya mkupuo ndo anayelipa zaidi kwa kila MB, na huyo ndo mwenye kipato kidogo. Hapa nakasirika kweli.

Starlink, ile net ya satelaiti, sijaiweka kwenye orodha. Kenya wanayo tangu Julai 2023, lakini wewe kabla ya kununua dishi kwa mtu mtaani hakikisha huduma ina leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), vinginevyo hela yako haina mwenyewe.

Sasa kuhusu serikali kuingilia. TCRA waliweka MB moja iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35, ina maana GB ni kama 2,030 mpaka 9,350, pengo hilo ni kubwa sana. Aprili 2, 2021 vifurushi vipya vilipoanza watu wakaona bando limekuwa dogo, kelele zikapigwa nchi nzima, vikasitishwa siku hiyohiyo. Ila kanuni za mwaka huo zilikuwa na mazuri yake: kampuni ikujulishe ukifika asilimia 75 na 100, na bando likiisha isikate salio lako mpaka ukubali. Hicho ndo nakitaka kwa hizi za nyumbani pia, ujumbe uje kabla spidi haijashushwa, na kiwango cha FUP kiandikwe pembeni ya bei kwa herufi saizi ileile, kisifichwe kwenye vigezo na masharti ukurasa wa tisa. Kampuni zenyewe hazitafanya hivyo bila kulazimishwa.

Ukinunua piga picha tangazo na risiti utunze. Wakikushusha bila kukuambia lalamika kwao kwanza upewe namba ya malalamiko, wakikaa kimya peleka TCRA ukiwa na hiyo namba.