Mafunzo ya kuchukua historia na kumchunguza mgonjwa kwa watoa huduma wazoefu: mapitio

Semina nyingi tunazoitiwa sisi watoa huduma za afya tuliokaa kazini muda mrefu huhusu mambo mapya: mwongozo mpya wa matibabu, chanjo mpya, mfumo mpya wa kujaza takwimu. Ni nadra mno kuitwa ili iangaliwe upya namna tunavyomsikiliza mgonjwa na kumchunguza kwa macho, mikono na masikio, kana kwamba stadi hizo mtu akishazipata chuoni hazichakai. Kwa sababu hiyo niliyapokea kwa furaha mafunzo kazini yanayotolewa na chuo kimoja cha afya hapa Tanzania kwa kushirikiana na hospitali ya mkoa iliyo jirani nacho, yanayowalenga matabibu, wauguzi na wakunga wenye uzoefu. Ninaandika mapitio haya kwa ajili ya wenzangu wanaojiuliza kama ada yake, ambayo si ndogo kwa mshahara wa zahanati, inastahili kulipwa. Kwa maoni yangu inastahili, kwa sababu moja kubwa: kuna mtu anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa halisi akikutazama unavyofanya kazi ambayo kwa miaka umeifanya peke yako chumbani, bila ya mtu wa kukusahihisha.

Sehemu ya kuchukua historia ndiyo iliyoandaliwa vizuri zaidi. Wakufunzi waliianza kwa utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1975, ambamo Hampton na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki, wakaona kwamba kwa wagonjwa 66 kati yao utambuzi uliofikiwa baada ya kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo ndio uliothibitika hadi mwisho, hata baada ya uchunguzi wa mwili na vipimo vya maabara. Wakaongeza ule wa Marekani wa mwaka 1984, wa Beckman na Frankel, ulioonyesha kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa, kwa wastani, sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza shida zao. Takwimu hizo ni za zamani na za mbali, lakini hazikuachwa darasani. Mchana wake tulipelekwa kliniki ya wagonjwa wa nje, mkufunzi akiwa na saa mkononi, na ikaonekana kwamba washiriki wengi hawakufika mbali zaidi ya madaktari wale.

Kwetu tatizo hili lina sura yake. Mgonjwa haingii na dalili, anaingia na jina la ugonjwa: “Daktari, nina malaria na UTI,” au “Nimekuja kupima taifodi.” Kwa foleni iliyoko mlangoni, njia nyepesi ni kuandika kipimo na kumwita mwingine. Mkufunzi wetu, muuguzi mwandamizi mwenye sauti ya upole, alisisitiza kwamba jina hilo lisibishiwe wala lisifuatwe, bali mgonjwa arudishwe taratibu kwenye siku aliyoanza kuugua. Alituonyesha kwa mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa amekwisha kutibiwa malaria zaidi ya mara moja. “Pole sana, mama. Hebu turudi nyuma kidogo, kabla hujaenda kupima. Ulianza kujisikiaje?” Yule mama akaeleza homa zinazomjia jioni, kisha akanyamaza. Mkufunzi naye akanyamaza, kalamu akailaza mezani. Ndipo mama aliposema kwamba usiku huloa jasho hadi hubadilisha kanga, na kwamba shemeji yake anayeishi naye nyumba moja yumo kwenye dawa za kifua kikuu. Maswali ya kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku kila mmoja wetu anayajua, na bila shaka yeye pia alikwisha kuulizwa mahali fulani kwa kasi ya kujaza fomu. Mtu akitaka kujua kwa nini watoa huduma wazoefu wahitaji kufundishwa tena kuuliza, mama yule anatosha kuwa jibu.

Kwenye uchunguzi wa mwili thamani ya mafunzo ilionekana wazi zaidi mkononi kuliko kwenye slaidi. Afisa tabibu mmoja, mtu anayeheshimika sana katika wilaya yake, alipapasa tumbo la kijana akianzia chini ya mbavu za kushoto, akasema bandama haisikiki. Mkufunzi hakumsahihisha kwa maneno ya kumdhalilisha mbele ya mgonjwa, alimwambia tu, “Kaka, hebu anzia huku chini kulia, kisha panda polepole kila anapovuta pumzi.” Vidole vilipokaribia kitovu, ukingo wa bandama ukavigusa. Bandama iliyovimba sana hushuka ikielekea upande wa kulia wa tumbo la chini, kwa hiyo anayeanzia mbavuni huweka mkono juu yake na asiupate ukingo. Jambo hili sote tulifundishwa. Lililotupotezea ni miaka ya kufupisha hatua ili foleni iishe, na hakuna anayeweza kujigundua mwenyewe katika hilo, kwa kuwa bandama usiyoipata haikuambii kwamba ilikuwapo.

Kugonga kifua kwa vidole, mbinu ambayo Leopold Auenbrugger aliichapisha Vienna mwaka 1761, nako kulipewa nafasi yake. Kwenye kituo kisicho na eksirei, sauti nzito upande mmoja wa kifua, pamoja na hewa isiyosikika vizuri upande huohuo, vinatosha kumfanya mtoa huduma aandike rufaa leo badala ya wiki ijayo. Ninawasifu pia kwa kuomba ridhaa ya kila mgonjwa kwa lugha anayoielewa, kwa kuweka pazia hata pale wadi ilipojaa, na kwa kutoruhusu mgonjwa mmoja apapaswe na kundi zima.

Palipopwaya ni kwenye moyo. Milio ya moyo ilichezwa darasani kwa spika ya kompyuta ndogo, na mvumo wa vali ya mitrali (mlango wa damu ndani ya moyo, upande wa kushoto) iliyofinyika, ambao ni wa sauti ya chini mno, hauwezi kutolewa na spika kama hiyo. Mvumo huo husikika kwa upande wa kengele wa stetoskopu, ukigusishwa taratibu kwenye ncha ya moyo, mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto na ametoa pumzi. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao mara nyingi ndio huifinya vali hiyo, bado unawapata vijana wetu, na mara nyingine hujitokeza kwa mara ya kwanza mwanamke anapobeba mimba. Wakunga waliokuwapo walihitaji kuusikia kwa masikio yao, na kwa maandalizi ya mapema wangeweza kuombwa wagonjwa wawili watatu wa kliniki ya moyo waliokubali.

Watoto nao walipitiwa kwa haraka isiyofaa. Tulikumbushwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama yake, na kwamba pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi miaka 5, ni za kasi. Hata hivyo, hatukupewa muda wa kutosha wa kuyafanya hayo wadini.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vituo, yaani mtahiniwa huzunguka meza hadi meza akifanya kazi moja kila mahali, mtindo ulioelezwa na Ronald Harden na wenzake wa Dundee mwaka 1975, ambamo kila hatua ina alama yake kwenye orodha. Kwa wanafunzi mtindo huu ni wa haki. Kwa mtu mzoefu una kasoro, kwa sababu anayefuata mpangilio wote bila kufikiri anaweza kumzidi alama mkunga aliyeruka hatua moja na kuligundua tatizo lenyewe. Wazoefu wangepimwa kwa kumwona mgonjwa mmoja kikamilifu, kisha waulizwe kwa nini waliuliza walichouliza.

Anayetafuta cheti na pointi za kuhuisha leseni tu atavipata kwa gharama ndogo kwingineko. Anayetaka kusahihishwa aende, ila kabla ya kulipa aulize ni washiriki wangapi watakaosimama kwenye kitanda kimoja, kwani wakizidi wanne au watano faida niliyoieleza itapotea. Na anayefanya kazi wadi ya watoto asubiri hadi ratiba irekebishwe. Kinachokosekana zaidi ni mkufunzi kumfuata mshiriki kituoni kwake miezi michache baadaye na kumtazama akiwa na foleni yake mwenyewe. Nimeliandika ombi hilo kwenye fomu ya maoni, na kama litakubaliwa nitakuwa radhi kulipa ada kubwa zaidi.